Sumaku ya umeme inachoma vidole halafu haishiki kitu, tatizo liko wapi?

Swali: "Habari mtaalamu. Kijana wangu ana miaka 12, shuleni wamepewa kazi ya kutengeneza sumaku ya umeme. Tumechukua msumari wa inchi nne tukauzungushia waya wa shaba raundi kama 50, tukaunga na betri moja ndogo ya volti 1.5. Ikashika pini tatu tu, waya ukapata moto mpaka akaachia, na betri ikafa ndani ya dakika chache. Tukaongeza raundi zikafika 100 kwa kurudi na waya juu ya zile za kwanza, badala ya nguvu kuongezeka ikapungua kabisa! Halafu ukitoa betri msumari bado unashika pini moja, sasa hii si ilitakiwa izime? Jirani anasema volti ni ndogo tuunge kwenye chaja ya simu au kwenye umeme wa ukutani. Mama yake hataki hata kusikia, anaogopa na mionzi ya sumaku pia. Tunakosea wapi?"

Jibu:

Nzuri ndugu yangu, na hongera kwa kukaa chini na mtoto mkafanya wenyewe. Nianze na la haraka: usiunge hicho kitu kwenye umeme wa ukutani, wala kwenye chaja. Mama yake yuko sahihi kwa hilo, japo kwenye mionzi nitamtoa hofu huko chini. Jirani naye hana nia mbaya, anafikiri kama watu wengi wanavyofikiri, kwamba sumaku ya umeme inapata nguvu kutokana na volti. Hapana. Inapata nguvu kutokana na mkondo unaopita kwenye waya, yaani ampia, ukizidisha kwa idadi ya raundi ambazo mkondo huo umeuzunguka msumari kwa upande mmoja. Kazi ya volti ni kuusukuma mkondo tu. Ukishika hapo, maswali yako karibu yote yanajijibu.

Mwaka 1820 Mdenmark mmoja, Hans Christian Ørsted, aliona sindano ya dira inageuka kila akipitisha umeme kwenye waya ulio karibu nayo. Kabla ya hapo watu waliuona umeme na sumaku kama vitu viwili visivyohusiana. Kumbe waya wowote wenye mkondo una uga wa sumaku, yaani eneo ambalo nguvu ya sumaku inafika, unaouzunguka pande zote. Waya mmoja ulionyooka uga wake ni dhaifu, lakini ukiukunja ukawa duara, uga wa kila kipande cha hilo duara unaingia katikati kwa mwelekeo uleule, na ukipanga maduara mengi mfululizo, yote yanachangia kitu kimoja pale katikati. Hiyo ndiyo koili. Huo uga ukiwa hewani tu bado ni mdogo, ndiyo maana mnaweka msumari.

Na msumari hapo ndio unaofanya kazi kubwa, waya ni wa kuuamsha tu. Ndani ya chuma kuna sehemu ndogo ndogo sana, huwezi kuziona kwa macho, zinaitwa domeini (wazo hilo alilileta Mfaransa Pierre Weiss mwaka 1907), na kila domeini tayari ni sumaku kamili. Ila ni kama watu sokoni, kila mmoja kaelekea kwake, kwahiyo ukijumlisha zote unapata sifuri na msumari unaonekana hauna kitu. Uga wa koili ukiingia, zile domeini zilizoelekea upande wake zinapanuka na kuzimeza za jirani, zinazobaki nazo zinageuka polepole, mpaka karibu chuma chote kinaangalia upande mmoja. Hapo uga unaweza kuwa mkubwa mamia ya mara kuliko koili yenyewe bila chuma. Ila kuna mwisho wake, domeini zote zikishajipanga hakuna nyingine ya kugeuza, kwa chuma kikomo hicho ni kama tesla 2 na kidogo (tesla ni kipimo cha ukali wa uga), ukizidisha umeme baada ya hapo unapasha waya moto tu.

Sasa turudi kwenye hiyo yenu. Hujaniambia unene wa waya, nachukulia ni wa nusu milimita kwasababu ndio mara nyingi watu wanapata. Raundi 50 kwenye msumari wa inchi nne zinakula waya kama mita moja hivi ukihesabu na zile ncha za kuungia. Mita moja ya shaba ya unene huo ina ukinzani (yaani kiasi ambacho kitu kinauzuia mkondo, kinapimwa kwa omu) wa kama omu 0.09, karibu na hakuna. Kwahiyo kinachozuia mkondo sio waya, ni betri yenyewe, maana nayo ina ukinzani wake wa ndani, betri ndogo ya alkalaini ikiwa mpya tuseme omu 0.2. Gawanya: volti 1.5 kwa jumla ya 0.29, unapata ampia 5 na kidogo. Ampia tano kutoka kwenye kibetri cha rimoti! Hicho kitu hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Volti moja nzima inapotelea ndani ya betri ikiichemsha, nusu volti tu ndiyo inafika kwenye koili. Mkiigusa betri mtakuta nayo imechemka, pengine kuliko waya. Ndio maana imekufa haraka, haikuwa mbovu, mmeifanyia kitu ambacho kiko karibu sana na shoti, yaani kuunganisha ncha mbili za betri moja kwa moja.

Na nguvu mliyopata ni 5 mara 50, yaani 250, tuite ampia-raundi.

Haya, sasa tuseme mngekuwa na raundi 200 zilizosukwa vizuri. Waya unakuwa kama mita 3.7, ukinzani 0.33, ukijumlisha na wa betri ni 0.53, mkondo unashuka mpaka kama ampia 2.8. Umeona mkondo umepungua karibu nusu, lakini zidisha: 2.8 mara 200 ni 560. Nguvu imezidi mara mbili na betri inapumua. Ukienda raundi 400, mkondo kama ampia 1.7, nguvu karibu 670. Kwahiyo kutoka 200 kwenda 400 umetumia waya mara mbili ukaongeza nguvu kidogo tu, ila betri sasa inadumu zaidi na koili haichomi. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, wanaambiwa "ongeza raundi sumaku iwe kali" bila kuambiwa kwamba kila raundi unayoongeza inaongeza na ukinzani. Ungekuwa na chanzo cha umeme ambacho hakina ukinzani wa ndani kabisa, raundi mara mbili zingekupa mkondo nusu na nguvu ingebaki palepale, ungekuwa umepunguza joto tu. Kwa betri ndogo kama yenu raundi nyingi zinasaidia mwanzoni kwasababu zinaipunguzia betri mzigo, baada ya hapo zinaanza kuwa za kuokoa betri kuliko za kuongeza nguvu.

Kwa hesabu hiyo raundi zenu 100 zilitakiwa ziongeze nguvu, sio kuipunguza. Kwahiyo kuna kitu kimeharibika, na ninawashuku watatu.

Wa kwanza, ambaye ndiye ninayemshuku zaidi, ni upande mliozungushia. Mmesema mlirudi na waya juu ya raundi za kwanza. Kurudi sio kosa, koili za tabaka nyingi zote zinasukwa hivyo, unaenda unafika mwisho unarudi. Kosa ni kubadilisha upande wa kuzunguka. Shika msumari uangalie kichwa chake kikiwa kimekutazama wewe. Tuseme tabaka la kwanza waya ulizunguka kama mshale wa saa ukielekea kwenye ncha kali. Ukirudi kuelekea kichwani, bado ukiangalia kutoka upande uleule wa kichwa, waya lazima uendelee kuzunguka kama mshale wa saa. Kuelekea kichwani au nchani haijalishi, kinachojalisha ni mkono unazunguka wapi. Sasa kinachotokea kwa wengi ni kwamba wakifika mwisho wanaugeuza msumari mkononi ili iwe rahisi, au mtoto anampokea mzazi kutoka upande wa pili, na bila kujua wanaanza kuzungusha kinyume. Hapo raundi 50 za kwanza zinasukuma domeini huku, 50 za juu zinazisukuma kule, jumla ni sifuri huku umeme unaliwa kama kawaida. Ile pini moja iliyokuwa inashika ni kwasababu msumari ulibaki na usumaku wa mwanzo.

Wa pili ni ganda la waya. Umesema "waya wa shaba" hukusema kama umevikwa. Kama ni shaba tupu na raundi zinagusana, mkondo hauna sababu ya kuzunguka msumari mara 50, unakatiza kutoka raundi moja kwenda ya jirani na kupitia msumari wenyewe, unafika upande wa pili bila kuzunguka. Hapo una kipande cha shaba kinachochemka tu. Lakini angalizo, waya wa kusukia mota unaonekana kama shaba tupu kumbe una vanishi nyembamba juu yake. Kuujua ni rahisi, chukua wembe au msasa ukwaruze ncha kidogo chini ya mwanga: kama rangi ya kahawia nyekundu inatoka kama unga na chini yake panang'aa rangi ya shaba angavu zaidi, hiyo ni vanishi na waya wako ni mzuri kwa kazi hii. Kama haubadiliki chochote ni shaba tupu, uweke pembeni. Na kwenye waya wa vanishi lazima ukwangue ncha zote mbili pande zote mpaka zing'ae, sentimita mbili hivi, la sivyo umeme hauingii au unaingia kwa kusuasua na utalaumu betri bure.

Suala hili la ganda liliwahi kuwasumbua wakubwa. Mwingereza William Sturgeon, ambaye ndiye anayetajwa kutengeneza sumaku ya umeme ya kwanza mwaka 1824, alitumia waya mtupu, kwahiyo ilibidi apake chuma chenyewe vanishi na aache nafasi kati ya raundi na raundi ili zisigusane, akaishia kuwa na raundi chache tu. Hata hivyo kile chuma chake cha umbo la kwato ya farasi, chenye uzito wa gramu 200 hivi, kilinyanyua kilo 4. Miaka michache baadaye Mmarekani Joseph Henry akauviringishia waya wenyewe hariri. Raundi zikaweza kugusana, zikaweza kupandana tabaka juu ya tabaka, na mwaka 1831 sumaku yake moja ilibeba zaidi ya kilo 900. Betri zake wala hazikuwa za kutisha! Kilichobadilika sana ni kwamba waya ulikuwa umevikwa nguo na ukasukwa kwa akili.

Wa tatu ni betri. Jaribio la pili mlilifanya na betri gani? Kama ni ileile iliyokuwa imekufa kwenye la kwanza basi hamjapima raundi 100, mmepima betri iliyochoka. Hii inawapata hata wanafunzi wa chuo. Ukibadilisha kitu kimoja vingine vyote vinatakiwa vibaki vilevile, kwahiyo kila jaribio lianze na betri mpya au angalau yenye hali ileile.

Kama mnaweza kupata dira ndogo, hata ya bei rahisi, hapo kijana atapata raha. Sogeza dira karibu na kichwa cha msumari, unga tabaka la kwanza peke yake kwa sekunde mbili, angalia sindano imeangalia wapi. Halafu sukeni la pili, unga yote mawili, angalia tena. Kama sindano inavutwa upande uleule kwa nguvu zaidi, mko vizuri. Kama imelegea au imegeuka, tabaka la pili linapingana na la kwanza. Mimi dira naiamini kuliko kuhesabu pini, kwasababu pini zinategemea pia zimelalaje na umezigusisha vipi. (Dira ya kwenye simu msiitumie, ile ina kihisi kinachoweza kuchanganyikiwa na sumaku iliyo karibu.)

Kuhusu msumari kubaki na usumaku betri ikitolewa, hapo hamjakosea chochote, ni tabia ya chuma chenyewe. Misumari mingi ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo halafu kikavutwa na kugongwa kiwandani, na hiyo inakifanya kiwe kigumu. Kwenye chuma kigumu domeini zikishageuka hazirudi zote, zinakwama kwenye kasoro za ndani. Chuma laini kisicho na kaboni nyingi kinaachia karibu papo hapo, ndio maana rilei (swichi zinazoendeshwa na sumaku ya umeme), kengele na kreni za kunyanyulia vyuma chakavu wanatumia chuma laini, fikiria kreni ingegoma kuachia mzigo. Na ukitaka sumaku ya kudumu unaenda kinyume, unatafuta kitu kinachokwama sana.

Unaweza kupunguza huo usumaku. Njia rahisi ni kuugonga msumari mara kadhaa sakafuni, mtikisiko unazilegeza domeini zikachanganyikana tena. Nyingine ni kugeuza betri ukagusisha kwa sekunde moja tu, ukizidisha utakuwa umeupa usumaku wa upande wa pili. Kuna watu watakwambia uchome msumari mpaka uwe mwekundu halafu uuache upoe polepole kwenye majivu, na kweli inasaidia, chuma kinakuwa laini zaidi, na kikipita nyuzijoto 770 kinapoteza usumaku wote. Ila hiyo ni kazi ya mtu mzima na nje penye hewa, na usijaribu kwa msumari wa kijivu unaong'aa ule uliopakwa zinki, moshi wa zinki ukiuvuta unakuletea homa na kuumwa kifua. Kwa mradi wa shule mimi ningeacha tu, ningetafuta boliti ya chuma laini ikibidi, na huo usumaku unaobaki ningeuandika kwenye ripoti kama kitu tulichokiona, walimu wa sayansi wanapenda hivyo.

Jambo jingine dogo ambalo linaiba nguvu ni nafasi. Sumaku inavuta sana pale chuma kinapogusana na chuma, pakiingia hata karatasi nyembamba au rangi nguvu inashuka vibaya. Uga ukiwa tesla 1 sehemu ya kugusana, kila sentimita moja ya mraba inaweza kushika kitu cha kilo 4 hivi. Ncha kali ya msumari haina hata sehemu ndogo ya hiyo sentimita, kwahiyo tumieni upande wa kichwa, upigeni msasa mpaka uwe bapa na msafi. Na kama fundi anaweza kuukunja msumari au boliti ikawa umbo la U, ncha zote mbili za sumaku zikashika kipande kimoja cha chuma kwa pamoja, mtashangaa. Njia ya uga inakuwa chuma tupu mwanzo mpaka mwisho, haikatizi hewani. Ila hapo ndipo upande wa kusukia unachanganya watu zaidi. Kwenye U, suka kana kwamba bado imenyooka, usibadilishe unapovuka kona.

Sasa jirani. Ile koili yenu ina omu 0.09. Ukutani kwenye nchi nyingi kuna volti kama 230. Gawanya uone: zaidi ya ampia 2,500 ndizo ambazo koili ingetaka. Haitazipata, kabla ya hapo kata-umeme itaruka, au isiporuka waya utalipuka mkononi kwa cheche na shaba iliyoyeyuka, na kama hujachomwa na hiyo kuna kupigwa shoti yenyewe ambayo inaua. Kuna vifaa vyenye koili vinavyoungwa ukutani kweli, feni, transfoma, kengele, ila vile vina raundi nyingi sana, chuma chake ni cha karatasi karatasi, na vimekokotolewa kwa umeme unaobadilika upande, ambao koili inaupinga kwa namna nyingine kabisa tofauti na ule wa betri. Msumari wenu haumo kwenye kundi hilo.

Chaja ya simu inatoa volti 5, inaonekana salama, lakini hata koili ya raundi 200 itaiomba ampia 15 wakati chaja ya kawaida inatoa moja au mbili tatu. Chaja nzuri itajizima. Chaja mbovu itachemka, na ubaya wa chaja mbovu ni kwamba kinachotenganisha umeme wa ukutani na waya anaoshika mtoto ni vitu vidogo sana humo ndani, vikiungua huna pa kujitetea. Pawabenki na betri za simu pia hapana, lithiamu ikilazimishwa mkondo mkubwa inaweza kuwaka moto. Betri ya gari ndiyo kabisa, volti zake 12 hazikupigi shoti lakini inaweza kumwaga mamia ya ampia na waya wa nusu milimita unakuwa mwekundu ukiwa umeushika.

Ninachoshauri ni betri moja ile nene ya tochi kubwa, volti ni zilezile 1.5 ila ukinzani wake wa ndani ni mdogo na inadumu zaidi, raundi 200 mpaka 300 za waya wa vanishi, tabaka zote upande mmoja, mmezibana kwa tepu, na swichi ya kubonyeza ili umeme upite pale tu unapotaka. Sekunde tano bonyeza, nusu dakika pumzisha. Mkiona haitoshi wekeni betri mbili mfululizo mfikie volti 3, nguvu itaongezeka na joto litaongezeka zaidi kuliko nguvu, kwahiyo angalieni vidole. Shule ikiwa na kifaa cha maabara cha umeme kinachoweza kuwekewa kikomo cha ampia, mwalimu akiwepo, hicho ni bora kuliko vyote. Mkiachanisha waya mtaona kacheche kadogo, hiyo ni koili inakataa mkondo wake kukatwa ghafla, kwa sekunde isiyoonekana inatengeneza volti nyingi kuliko betri. Haina hatari kwa kitu cha ukubwa huu, ila mtoto asishike ncha zote mbili za waya kwa vidole wakati anaachanisha, itamrusha kidogo akaogopa sayansi.

Kuhusu mionzi. Mwambie mama sumaku haitoi mionzi ya aina ile ya eksirei. Uga uliotulia haukati wala kuunguza seli, na sote tumezaliwa ndani ya uga wa dunia ambao ni kati ya mikrotesla 25 na 65 kutegemea uko wapi. Mashine za MRI, zile za kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, hospitalini nyingi ni tesla 1.5 au 3, mgonjwa analala humo ndani mzimamzima. Uga wa msumari wenu unakufa haraka sana ukisogea mbali, nusu mita tu dira yenyewe inahangaika kuuona. Wa kujihadhari ni mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani, huyo sumaku zisimkaribie kifua, sentimita 15 ndio umbali unaoshauriwa, na kadi za benki za mstari mweusi zikae mbali nazo.

Hofu ya kweli kwa nyumba yenye watoto ni nyingine, na hapa sipunguzi maneno. Zile sumaku ndogo kali za neodimiamu, vishanga au vidonge vinavyong'aa, mtoto akimeza mbili au zaidi zinavutana kupitia kuta za utumbo, zinabana nyama katikati mpaka inatoboka. Ukishuku tu kwamba amemeza, nenda hospitali muda huohuo hata kama anacheza na hana maumivu, usisubiri atoe kwenye choo na usimlazimishe kutapika. Betri bapa za saa ni vilevile, zikikwama kooni zinaweza kuunguza vibaya ndani ya saa mbili. Akipigwa shoti ya umeme wa ukutani, zima umeme kwanza kabla ya kumgusa, halafu hospitali, hata kama anasema yuko sawa. Vidole vilivyoungua na waya vimwagilieni maji ya bomba ya kawaida kwa dakika 20, sio dawa ya meno, sio mafuta, na kama limetoka lengelenge kubwa aonwe na daktari.

Mkishasuka upya na bado ikagoma, niandikieni tena mniambie unene wa waya, idadi ya raundi, betri gani, na kama mna mita ya kupimia umeme pimeni volti za betri wakati koili imeungwa, sio ikiwa peke yake. Kwa raundi 200 na betri ndogo mpya, mita ikisoma karibu 0.9 ni kawaida. Ikisoma 0.3, betri imechoka au raundi zinagusana mahali. Ikibaki 1.5 bila kutikisika basi umeme haupiti kabisa, rudini mkakwangue zile ncha.